Mwanamke Namba Ishirini na Saba

Prado nyeupe ilipita Mlowo kwa kasi ya kilomita mia na thelathini kwa saa. Ikasomba tenga la nyanya la mama mmoja pembeni mwa barabara, nyanya zikatapakaa lami yote.

Haikusimama.

Restuta Nzunda naye hakusimama. Alikuwa mita mia mbili nyuma, juu ya pikipiki aina ya Boxer, kofia ngumu kichwani, Glock 19 ubavuni, hasira imemjaa mpaka kooni.

Redio ndogo ya Motorola ikakoroma sikioni.

"Kahawa, hapa Ghala."

"Sema, Ghala."

"Mzigo ukivuka Tunduma, tumeukosa. Upande wa pili leo hatuna mtu."

"Mgonjwa?"

Mzee Gasper, mkuu wake wa kazi, alishusha sauti.

"Anavuja damu, mwanangu. Dokta kampa masaa mawili. Labda."

Restuta akakandamiza mafuta.

Mgonjwa aliitwa Stamili. Miaka ishirini na mitatu, mimba ya miezi minane, mke wa Makoye, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Momba na ng'ombe zake. Miezi minne nyuma, watu wa Kordane walishuka huko bondeni na magari, mahema na fulana za bure. Kordane ni kampuni ya utafiti wa dawa kutoka ng'ambo. Walisema wanatafiti upungufu wa damu kwa wajawazito. Walisema sindano ni ya kuongeza damu. Walisema serikali inajua kila kitu.

Uongo mtupu!

Kibali kilikuwa cha kughushi. Dawa zilikuwa za aina mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kuingia mwilini mwa binadamu. Ya kwanza inazuia damu isigande. Ya pili inaigandisha humo humo ndani ya mishipa, mpaka mwili unaishiwa vitu vya kugandishia, na mwisho wa siku mtu anavuja vilevile. Ukiwalaza wagonjwa wawili kitandani, mmoja wa dawa hii na mwingine wa ile, kwa macho huwatofautishi. Ila tiba inayomwokoa wa kwanza inamuua wa pili.

Walichomwa wanawake arobaini na mmoja. Watatu walishazikwa.

Nani alipata ipi? Hilo lilikuwa kwenye orodha moja tu, ndani ya kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Muuguzi aliyechoma sindano alipewa vichupa vyenye namba, basi. Kwenye utafiti wa kweli pia mchomaji huwa hajui anachochoma, lakini kuna mtu wa kuifungua hiyo orodha mgonjwa akizidiwa. Hawa jamaa, mgonjwa alipozidiwa, waliwasha gari.

Hivi watu kama hawa wana roho gani, jamani?

Baada ya Vwawa barabara ilianza kujaa malori. Scania, Howo, matangi ya mafuta, matela ya shaba yakitoka Zambia. Foleni ya kwenda mpakani ilikuwa imenyooka kilomita na kilomita, madereva wanapika chai chini ya matela yao. Prado ilikuwa inapita upande usio wake, honi juu, waendesha baiskeli wanarukia mtaroni. Mara mbili ilimpotea Restuta nyuma ya matangi, ikaonekana tena.

"Ghala, hapa Kahawa. Fungeni barabara baada ya Mpemba."

"Imeshafungwa."

Kweli, ilikuwa imefungwa. Malori mawili yalikuwa yamekatisha barabara na askari sita wamepanga mstari. Prado ikafunga breki, ikayumba, ikasimama imeuma udongo.

Restuta alifika bastola mkononi.

Akashuka mzungu mmoja mrefu, shati la kitani, miwani ya jua, tabasamu la mtu anayesubiri kahawa hotelini. Dokta Halden, mkuu wa utafiti wa Kordane. Mikono juu, bila haraka yoyote.

"Mimi ni daktari," alisema. "Mimi saidia mama wa Afrika."

"Funga mdomo. Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

Walilipekua gari mpaka chini ya mazulia. Walifungua matairi. Walimwaga begi lake, wakapasua kisigino cha kiatu, wakapitisha kifaa cha kunusa vyuma kila kona. Dakika kumi na mbili zilikwenda hivyo.

Hakuna kitu.

Halden aliendelea kutabasamu. Restuta alitamani kumpasua yale meno moja moja. Ndipo alipotazama kiti cha abiria, akaona mkanda umevutwa na chupa ya maji imebaki nusu.

Hili gari lilipita Mlowo na watu wawili, aliwaona.

"Deus yuko wapi?"

Tabasamu likapungua kidogo sana. Hilo lilimtosha.

Deus alikuwa mratibu wa Kordane. Mtu wa hapa hapa, mzaliwa wa Isansa, kwao kahawa na mahindi kama kwao Restuta. Ndiye aliyewapeleka wazungu bondeni. Ndiye aliyewaambia akina Makoye kwa Kiswahili kitamu kwamba sindano haina madhara. Halden ni mgeni, alikuja na ubaya wake kutoka kwao. Deus je? Damu ya Restuta ilichemka zaidi kwa huyu wa pili.

Simu yake ikaita. Witness.

Witness alikuwa muuguzi. Alimaliza chuo miaka minne nyuma, akajitolea zahanati bila mshahara akisubiri ajira, akasubiri, akasubiri. Nchi inalia haina wauguzi, na wauguzi wamekaa nyumbani wanauza vocha! Kordane walipomwita alikwenda mbio, nani asingekwenda? Akachoma sindano kwa mkono wake. Mwanamke wa tatu alipokufa, ni yeye aliyepiga simu Idara ya Usalama, kazini kwa Restuta, na tangu asubuhi alikuwa ameketi pembeni ya kitanda cha Stamili, anambadilishia vitambaa vya damu.

"Dada, Deus hayumo kwenye hilo gari."

"Nimeshaona. Unajua alipo?"

"Alishukia njiani kabla ya Mpemba, akapanda bodaboda kwenda Tunduma. Kavaa koti jeupe. Kabeba boksi la chanjo."

"Umejuaje?"

"Mwenye bodaboda ni shemeji yangu. Kanipigia anacheka, ananiuliza bosi wako siku hizi anachanja? Kamshusha ofisi ya mtaa, ile ya jirani na mawe ya mpaka."

"Asante, mdogo wangu. Stamili?"

Witness alianza kulia. "Dada, fanya haraka."

Boxer ikanguruma. Restuta alikata katikati ya malori, kioo cha kushoto kikagonga tela na kubaki huko huko. Hakugeuka kukitazama.

Ukitaka kuujua ujanja wa Deus, elewa kwanza wiki ile ilikuwaje. Ilikuwa wiki ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa shule, mkoa mzima. Tunduma ilikuwa imejaa makoti meupe, barakoa, kofia za jua na maboksi ya bluu ya kubebea chanjo. Mchanjaji anapita popote. Askari anampisha, mama ntilie anampa maji, hakuna anayemfungulia boksi kwenye jua. Na baadhi ya shule ziko hatua chache tu kutoka Zambia.

Mpaka wenyewe, kwa mtu asiyeujua, ni mawe yaliyochomekwa ardhini kati ya vibanda. Upande huu unauziwa vitenge kwa shilingi, upande ule viazi kwa kwacha. Ukipiga chafya Tunduma, unaombewa heri Nakonde.

Restuta aliegesha nyuma ya duka la simu. Akavua kofia na jaketi, akaifunika bastola kwa shati, akachukua ubao wa kuandikia juu ya meza ya karani wa mtaa bila kumwomba. Karani alifungua mdomo. Akayaona macho ya Restuta, akaufunga.

Uani walisimama wachanjaji kumi na mmoja, tayari kuondoka. Wanaume watano. Wote barakoa, wote kofia, wote boksi la bluu begani. Picha aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya mwanaume mwenye ndevu na suti. Kati ya hawa watano hakuna mwenye ndevu. Alishazinyoa, mshenzi.

"Kahawa, hapa Ghala. Umemwona?"

"Wako watano. Simjui ni yupi," alinong'ona.

"Wakamate wote."

"Mzee, jiwe la mpaka liko hatua thelathini. Na hapa mbele pamejaa watoto wa shule. Nikitoa kitambulisho tu, katoka nduki au kafyatua risasi."

"Dakika ngapi?"

"Sina dakika."

Hakuwa nazo kweli. Wachanjaji wawili walikwishaanza kutoka getini.

Restuta alivuta pumzi. Kabla ya Idara, kabla ya Glock, naye aliwahi kuwa muuguzi. Miaka miwili ya kujitolea, huduma ya mkoba milimani huko Itumba, boksi begani, mvua kichwani. Akaitafuta sauti ya yule msimamizi wa wilaya aliyekuwa akimchukia kuliko wote, akaipata.

"Jamani, habari za kazi! Subirini, mnakimbilia wapi? Mimi natoka usimamizi. Kabla hamjaondoka, kila mtu ahakikishe barafu zake."

Hakusema zaidi ya hapo.

Waliguna. Mmoja akasonya. Lakini mikono ilikwenda yenyewe. Vifuniko vikafunguliwa, kila mmoja akachomoa paketi moja ya barafu, ile bapa ya plastiki, akaipeleka sikioni na kuitikisa. Hawakuulizana. Muuguzi anafanya hivi hata akiwa na usingizi. Chanjo hii ikiganda imekufa, kwa hiyo barafu inayotoka kwenye friji haipakiwi ikiwa jiwe. Unaiacha itoke jasho, unaitikisa, ukisikia maji yanacheza ndani ndipo unaipanga kwenye boksi. Anayejua hili ni yule aliyewahi kulibeba boksi. Bosi anayekaa kwenye kiyoyozi na kusaini ripoti atalijulia wapi?

Watu kumi walikuwa na paketi sikioni.

Wa kumi na moja, mwanaume mwembamba aliyesimama karibu na ukuta, alikuwa anawatazama wenzake. Akafungua boksi lake polepole. Akaigusa paketi moja kwa kidole, kama mtu anayepima chai kama imepoa.

"Ya kwangu iko sawa kabisa, bosi," alisema kwa kujiamini. "Imeganda vizuri. Ngumu kama chuma."

Wale kumi wakatazamana.

Mama mmoja mnene, muuguzi wa siku nyingi, alishusha paketi yake sikioni na kumgeukia.

"Imeganda? We kaka, unataka kuua chanjo za watoto wa watu? Nani kakupa hilo boksi?"

Macho ya yule mwanaume yaliruka kutoka kwa yule mama hadi kwa Restuta. Yakakutana.

"Shikamoo yako naipokea baadaye, Deus," Restuta alisema. "Weka boksi chini."

Deus akala kona.

Mkono wake wa kulia ulitoka kotini na Beretta ndogo. Risasi moja hewani. Pa! Wasichana wakapiga kelele, vibanda vikaanguka, watu wakalala chini. Restuta alikuwa ameshachomoa Glock, lakini mbele yake zilijaa sare za shule. Hakufyatua. Akairudisha bastola kiunoni na kutimua mbio.

Akaruka rundo la vitenge. Akapita katikati ya matoroli. Deus alikuwa hatua kumi mbele, boksi la bluu linampiga mgongoni, kofia imeanguka.

Hatua saba.

Deus aligeuka na kufyatua tena. Risasi ikatoboa ndoo ya mafuta ya kula. Restuta aliteleza kwenye yale mafuta, akapiga goti, akainuka na damu mguuni.

Hatua kumi na mbili. Jiwe la mpaka lile pale.

Deus akalivuka.

Upande wa pili alikutana na toroli la viazi na mwenye toroli, mama wa Nakonde mwenye mabega mapana. Deus alimsukuma apite. Hapo ndipo alipokosea kabisa.

"Awe!" yule mama aling'aka, hapana ya Kibemba, na kumrudishia msukumo wa mikono miwili kifuani. "Iwe, wewe, unanisukuma mimi?"

Deus alirudi kinyumenyume, bastola ikamtoka, akakaa chini juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Mguu mmoja ulibaki Nakonde. Restuta akamfikia, akamkamata ukosi wa koti.

"Niko Zambia!" Deus alipayuka. "Huna mamlaka! Niko Zambia!"

"Mguu uko Zambia. Mwili uliobaki nauchukua."

Akamvuta kama gunia. Akampiga ngumi moja tu, ya taya, kwa ajili ya Stamili. Alikuwa na nyingine arobaini, akazizuia, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda.

Paketi za barafu zilikuwa nne. Aliziponda moja moja juu ya jiwe la mpaka. Barafu. Barafu. Barafu. Ya nne ilikuwa nyepesi, kavu, imepakwa gundi ubavuni. Ndani yake, kwenye kimfuko cha nailoni, kadi.

Akaichomeka kwenye kisomeo cha simu yake ya Samsung. Mikono ilikuwa na mafuta na damu, kioo kikakataa kidole. Akakifuta kwenye suruali, akajaribu tena, akatukana.

Orodha ikafunguka. Namba moja hadi arobaini na moja, na mbele ya kila namba, moja au mbili. Hapakuwa na jina hata moja. Kwao hawa hapakuwa na watu.

"Witness! Stamili alikuwa namba ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Una hakika?"

"Dada, niliwachoma mimi. Simsahau hata mmoja."

"Mpe simu Dokta."

Ikasikika sauti ya Dokta Aida, ya mwanamke aliyechoka lakini hajashindwa. "Nakusikiliza."

"Ishirini na saba ni ya pili. Inayogandisha."

"Rudia."

"Ya pili, Dokta. Ya pili!"

"Mungu wangu." Restuta alimsikia akimgeukia mtu wake. "Acha hiyo! Iweke chini hiyo sindano, chini!" Kisha simu ikakatika.

Walikuwa wameshaivuta kwenye bomba, ile tiba ya kumuua.

Restuta alikaa chini palepale, mgongo kwenye jiwe la mpaka, goti linavuja. Yule mama wa viazi akamletea chupa ya maji, akasimama karibu yake. Askari walikuja kumfunga Deus pingu. Dakika ishirini. Thelathini. Dakika ya arobaini na tano simu ikaita.

Hakuwa Dokta. Ilikuwa sauti ya kiume, nzito, ya Kisukuma.

"Mayu, ni Makoye hapa. Mume wa Stamili."

"Nakusikia, baba."

"Amefumbua macho. Mtoto wamemtoa kwa kisu. Wa kike. Mdogo hivi, lakini analia, unamsikia?"

Restuta alimsikia. Akafumba macho.

"Wabeja, mayu. Asante sana, mama." Sauti ya Makoye ikapasuka. "Wale watu hawakumuuliza yeye. Waliniuliza mimi. Nikaweka dole gumba, nikapewa fulana. Stamili alikuwa hataki. Mimi nikamwambia usiniaibishe mbele ya wageni."

Restuta angemwambia si kosa lake, lakini kosa lilikuwepo, na Makoye alikuwa amelibeba mwenyewe bila kusaidiwa. "Kaa naye," alimwambia. "Akiamka vizuri, mwambie na yeye hayo uliyoniambia mimi."

Kituo cha polisi kilikuwa cha moto na kilinuka karatasi. Halden alikuwa kwenye benchi la korido, pingu mkononi, anadai kuongea na ubalozi wake. Hakuna aliyemjibu. Deus alikaa mezani, taya limevimba, ameanza kurudiwa na maneno.

"Dada Restuta, sisi ni watu wa kwetu, tuelewane. Mimi nilikuwa mratibu tu. Mimi nilishika namba, mambo ya dawa yalikuwa ya Halden. Na utafiti siku zote una hasara zake. Dawa unayomeza leo, jua kuna mtu aliumia kwanza."

"Aliyeumia aliambiwa?"

Deus akajishika taya.

Restuta aliweka simu ya kituo mezani, akaiwekea spika. Akatoa karatasi na kalamu, akavisogeza mbele ya Deus pamoja na nakala ya ile orodha ya kadi. Juu ya karatasi aliandika mwenyewe vichwa vya safu nne: namba, jina, kijiji, dawa. Bondeni kulikuwa na wanawake thelathini na saba ambao hawajui kilichomo miilini mwao, na magari mawili ya wagonjwa yalikuwa nje yanasubiri kujua yaanzie wapi.

"Witness, upo?"

"Nipo, dada."

"Anza namba moja. Huyu anaandika."

"Kwa nini mimi?" Deus akauliza. "Askari si yupo?"

"Ulisema ulishika namba. Sasa shika majina."

Sauti ya Witness ilitoka kwenye simu, inatetemeka lakini haikatiki. "Namba moja, Kabula, Ivuna. Namba mbili, Faudhia, Kamsamba. Namba tatu, Milembe, Ivuna. Namba nne, Holo, Mkulwe." Ikasimama. "Holo amekufa. Mtoto wake pia."

Kalamu ya Deus ilisimama.

"Andika," Restuta alisema.

"Huyu haina haja, kama alisha..."

"Andika jina lake. Andika kijiji chake. Andika amekufa. Na mtoto pia."

Deus aliandika. Mwandiko wake mzuri wa ripoti ulikuwa umeanza kupinda. Restuta alisimama juu yake mpaka namba kumi, akaipiga picha karatasi, akaituma kwenye magari. Honi zikalia nje, gari la kwanza likaondoka.

Alimpa ishara askari wa mlangoni asimame mahali pake, akatoka uani akichechemea. Redio ikakoroma.

"Kahawa, hapa Ghala. Nasikia Deus yuko chumbani na wewe. Naijua hasira yako, mwanangu. Umempiga?"

"Ngumi moja, mpakani."

"Na sasa?"

"Sasa anaandika, Mzee."

Akavaa kofia ili alifuate gari la kwanza bondeni, akaipiga teke Boxer isiyo na kioo cha kushoto, ikawaka. Kupitia dirishani sauti ya Witness ilikuwa imefika namba kumi na tatu.